Upanga na Kariakoo: Ardhi na Watu

Habari za mji wowote huanza kwa mambo mawili: ardhi ambayo mji umekaa juu yake, na watu wakaao ndani yake. Mwanafunzi wa jiografia huuliza mto u wapi, bahari i wapi, na barabara zaelekea wapi. Mwandishi wa sensa huuliza watu ni wangapi, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Majibu ya maswali hayo yakiisha kuandikwa, aghalabu hudhaniwa ya kuwa habari za mji zimekwisha. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa hapo ndipo zinapoanza. Ardhi ya mji haijigawi yenyewe; hugawanywa na mtu kwa kusudi. Hesabu ya watu nayo haijiandiki. Huandikwa na mtu kwa kusudi. Anayetaka kulifahamu kusudi hilo hana haja ya safari ndefu, kwa kuwa sehemu mbili za Dar es Salaam, Upanga na Kariakoo, zatosha kuwa kitabu chake.

Tuanze na ardhi kama ilivyoumbwa. Maji ya bahari huingia Dar es Salaam kwa mlango mwembamba, kisha hupanuka na kupinda kuelekea kusini, yakafanya bandari iliyofichika. Kaskazini ya bandari hiyo ndipo mji ulipoanzia. Ukiiacha bandari nyuma yako ukaenda upande wa kaskazini, wafika katika ardhi ya mchanga iliyoinuka kidogo. Hiyo ni Upanga. Ubavu mmoja wa Upanga ni Bahari ya Hindi. Katika ubavu wa pili ardhi hushuka hadi bonde la mto Msimbazi, ambao huuzunguka mji kwa nyuma na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Magharibi ya mji wa zamani pana ardhi tambarare. Hiyo ni Kariakoo. Na baina ya Kariakoo na mji wa zamani pana uwanja mrefu uitwao Mnazi Mmoja. Mtu mwenye afya aweza kutoka sokoni Kariakoo, akapita Muhimbili, akafika ufuoni Upanga kwa miguu katika muda wa saa moja. Nchi yote inayosimuliwa hapa ni ndogo kuliko shamba moja la katani. Hata hivyo, katika udogo wake imebeba mambo ambayo nchi kubwa hazikuyabeba.

Kabla ya mji palikuwa na kijiji cha Mzizima, makao ya Washomvi waliovua na kufanya biashara pwani, wakiwa na jirani zao Wazaramo waliolima bara yake. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari ile, akaanza kujenga mji na kuupa jina la Dar es Salaam. Majid alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash aliyerithi kiti hakuwa na haja na mji huo. Majengo yakaachwa kuliwa na mvua na magugu. Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaweka kituo hapo, na mwaka 1891 serikali ya Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, ikahamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo. Basi mji ambao karibu ungekufa ukiwa mchanga ulifufuliwa na mgeni, na mgeni alipoufufua aliupanga kwa mawazo yake.

Mwaka ule ule wa 1891 ilitoka amri ya ujenzi. Maneno yake yalihusu nyumba, wala si watu: upande wa bahari pajengwe nyumba imara za namna ya Kizungu, nyuma yake nyumba za mawe na matofali za wafanya biashara, na nyuma zaidi ndiko kuruhusiwe nyumba za udongo, miti na makuti. Asomaye amri hiyo kwa haraka aweza kudhani ni shauri la waashi tu. Lakini nani aliyekuwa na uwezo wa kujenga namna ya Kizungu, kama si Mzungu? Nani aliyekuwa na fedha ya duka la mawe, kama si Mhindi au Mwarabu tajiri? Na nani aliyebaki na miti na makuti? Sheria iliyotaja ukuta na paa ilikuwa imekwisha kumtaja mtu bila ya kulitamka jina lake. Ndivyo ilivyopata nguvu ya kudumu, kwa sababu sheria isiyomtaja mtu haina mtu wa kuilalamikia.

Wadachi walikusudia kuwaweka Waafrika wa mji mahali pamoja, magharibi, mbali na bahari. Walipata ardhi iliyokuwa shamba la Mdachi mwenzao, Schoeller, wakaipima kwa mitaa iliyonyooka inayokatana kama nyuzi za mkeka, wakaanza na jengo la soko. Kabla soko halijatumika kwa kazi yake, Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na mahali pale palipokusudiwa kuuzwa mchicha na samaki pakawa kambi ya wachukuzi.

Yafaa tutue hapa kidogo. Vita ile ilipiganwa katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o walioua farasi na ng'ombe. Chakula, risasi na mizinga vilibebwa na mabega ya watu. Waingereza waliwakusanya wanaume kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakawaweka katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo lilipopita katika vinywa vya Waswahili likatoka Kariakoo. Na Nairobi, ambako pia palikuwa na kambi, lilitoka Kariokor. Wachukuzi waliokufa hukisiwa kuwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, homa na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Nimesema hukisiwa, kwa sababu hawakuhesabiwa sawasawa. Serikali ilijua idadi ya mizigo kuliko ilivyojua idadi ya mabega.

Ardhi, lakini, ilihesabu kwa namna yake. Tembea Kariakoo leo ukasome majina ya mitaa. Utauona mtaa wa Narung'ombe, utauona mtaa wa Mahiwa, utauona mtaa wa Tandamti. Vijana wengi hupita hapo kununua vitenge na simu bila ya kuuliza majina hayo yalitoka wapi. Yote matatu ni majina ya mahali pa mapigano kusini ya Tanganyika mwaka 1917: Narung'ombe mwezi Julai, kilima cha Tandamuti karibu na Lindi mwezi Agosti, na Mahiwa mwezi Oktoba, ambako majeshi mawili yaliumizana vibaya mno. Asomaye historia ya vita hawezi kudhani ya kuwa majina hayo yalikutana Kariakoo kwa bahati. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 hutazamwa na kila mgeni. Mitaa hii mitatu haitazamwi na mtu, nayo ndiyo iliyolala juu ya kambi ya watu wenyewe.

Vita ilipokwisha Waingereza waliupokea mpango wa Wadachi wakaukamilisha. Soko likafunguliwa mwaka 1923. Mwaka 1924 mji ukagawanywa rasmi katika kanda tatu: ya kwanza ya makazi ya Kizungu, ya pili ya biashara, ambayo watu waliiita Uhindini, na ya tatu ya nyumba za Kiafrika, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Hapa tena kanuni ilitaja aina ya nyumba, na hapa tena kila mtu alijua maana yake. Kisha baina ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwazi. Nyumba zilizokuwapo zikaondolewa, na jengo jipya halikuruhusiwa. Sababu iliyotolewa ni afya: mbu na maradhi yasivuke kutoka upande huu kwenda upande ule. Mnazi Mmoja, basi, si uwanja uliosahauliwa na wajenzi. Ni uwazi uliotengenezwa, ukuta usio na mawe.

Mambo kama hayo hayakuwa ya Dar es Salaam peke yake. Afrika Kusini ilitunga sheria ya kugawa makazi kwa rangi mwaka 1950, nayo ilitaja rangi waziwazi bila ya haya. Huko Marekani miji mingi iligawanywa na njia ya reli, weupe upande huu na weusi upande ule. Na hati za nyumba ziliandikwa sharti la kutomwuzia mweusi, hata Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipokataa mwaka 1948 kuyatilia nguvu masharti hayo. Na kabla ya ardhi kugawanywa, hesabu ilikuwa imekwisha kugawanywa. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 iliamuru watu wahesabiwe kila miaka 10, na katika kugawa viti vya wabunge ikaamuru watumwa 5 wahesabiwe kuwa ni watu 3. Hesabu ya kwanza ikafanywa mwaka 1790 kwa kanuni hiyo. Mwenye kudhani ya kuwa tarakimu haina upendeleo na aitafakari sheria hiyo.

Turudi Kariakoo tutazame jinsi watu walivyoishi ndani ya mistari waliyochorewa. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa ya namna moja, nayo hata leo huitwa nyumba ya Kiswahili. Mbele pana baraza. Mlango wa katikati waingia katika ukumbi mrefu. Kulia vyumba 3 na kushoto vyumba 3. Nyuma ua wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia. Chumba hiki Mzaramo wa Kisarawe, chumba kile Mnyamwezi aliyekuja na reli, cha tatu Mmanyema, cha nne Mluguru au Myao au Mngazija. Wote walichota maji mahali pamoja, walipika katika ua mmoja, na watoto wao waliadhibiwa na mama yeyote aliyewaona wakikosa. Mpimaji ramani wa Kidachi alidhani anapima viwanja, kumbe alikuwa akipima shule ya Kiswahili. Katika ukumbi ule mtu aliweka kando lugha ya kwao, si kwa amri ya serikali, bali kwa haja ya kuomba chumvi.

Nje ya nyumba watu hao walifanya vyama: vya ngoma, vya taarabu, vya kuzikana, vya mpira. Yanga, iliyoanza mwaka 1935, na Simba, iliyoanza mwaka 1936, zilizaliwa katika mitaa hii, wala hazikuzaliwa katika majumba ya serikali. Mwaka 1929 kilikuwa kimekwisha kuanzishwa Chama cha Waafrika, ambacho Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Nacho kilijenga nyumba yake katika mtaa ulioitwa New Street, ambao sasa ni mtaa wa Lumumba. Mahali pa nyumba hiyo pastahili kuangaliwa katika ramani. Imo Kariakoo, lakini uso wake umeuelekea uwazi wa Mnazi Mmoja.

Upanga ilikuja kujengwa baadaye. Wakati Kariakoo ilipokuwa imejaa watu, Upanga ilikuwa bado ni minazi na mashamba ya wenyeji wa asili, wakiwamo watu wa ukoo wa Tambaza, ambao jina lao limebaki katika shule. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uhindini ilifurika. Familia zilikaa juu ya maduka yao, vizazi vitatu katika vyumba viwili, na serikali ikafungua ardhi ya Upanga kwa ajili yao. Mwezi Agosti 1946 Aga Khan wa 3 alipimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam katika yubile yake, na mfuko uliotokana na yubile hiyo ukawakopesha Waismailia fedha za kujenga nyumba. Katika miaka ya 1950 zikatokea Upanga nyumba ndogo za familia zenye bustani, na majengo ya ghorofa mbili tatu yenye roshani. Zikatokea na shule, na ukumbi wa Diamond Jubilee. Kwenye ukingo wa bonde la Msimbazi ikajengwa hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo sasa ni Muhimbili. Kabla yake, wagonjwa wa Kiafrika na wa Kihindi walitibiwa katika hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Hivyo Dar es Salaam, ambao ni mji wa salama, ulipata mtaa wenye jina la silaha. Na mtaa huo ukawa makao ya wauza duka, walimu na wauguzi.

Mwaka 1957 serikali ya Tanganyika iliwahesabu watu wake. Watu wa Dar es Salaam walipatikana 128,742, hali miaka 9 nyuma, katika hesabu ya 1948, walikuwa 69,227. Waasia walikuwa zaidi kidogo ya mtu 1 katika kila 5. Tarakimu hizo zimo katika vitabu vingi. Jambo ambalo aghalabu halitajwi ni namna zilivyopatikana. Wasio Waafrika walihesabiwa mwezi Februari, na Waafrika wakahesabiwa mwezi Agosti. Mji ulikuwa mmoja, mwaka ulikuwa mmoja, soko lilikuwa moja. Lakini mwenye duka na mchukuzi wake walihesabiwa kwa kupishana miezi 6, kana kwamba ni watu wa nchi mbili. Mpaka uliochorwa ardhini mwaka 1891 ulikuwa umefika sasa katika daftari.

Lakini hapo ndipo ardhi ilipowageuka walioigawa. Uwazi wa Mnazi Mmoja uliachwa ili watu wasikutane. Na kwa kuwa ulikuwa wazi, karibu na nyumba za watu wengi, nao haukuwa mali ya mtu, hapakuwa na mahali pengine mjini pa kufaa mkutano kama hapo. Tarehe 7 Julai 1954 Chama cha Waafrika kiligeuka kuwa TANU katika nyumba ile ya New Street, na viongozi walipotaka kusema na umma hawakuhitaji kwenda mbali. Walivuka barabara tu. Mnazi Mmoja ukasikia sauti ya Julius Nyerere na ya Bibi Titi Mohamed. Wasikilizaji walitoka Kariakoo, wakatoka Ilala, wakatoka Gerezani, na Wahindi wengine wakasikiliza kutoka upande wa pili. Waliotengeneza uwazi ule kwa kuogopa kuambukizana hawakukosea katika jambo moja: kuambukizana kulitokea. Ila kilichoambukizwa hakikuwa homa.

Wanafunzi wa vyuo vyetu wanayo sababu ya pekee ya kuukumbuka mtaa huo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu kilianza masomo yake, nacho hakikuanzia mlimani kinakoonekana leo. Kilianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Mlimani kilihamia mwaka 1964. Elimu ya juu ya nchi hii, basi, ilizaliwa mpakani mwa Kariakoo, mbele ya uwazi uliokusudiwa kumweka mwenye nyumba ya makuti mbali na kila kitu cha juu.

Baada ya uhuru sheria za kanda zilipoteza nguvu, na hesabu ikafuata. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza watu kabila lao. Zilizofuata hazikuuliza tena. Kuna wataalamu wanaosikitika kwa kukosa tarakimu hizo. Nathubutu kusema ya kuwa ukumbi wa nyumba ya Kariakoo ulikuwa umekwisha kuacha kuuliza zamani. Serikali ilichelewa tu kuufuata. Lakini haki haikuja bila ya machozi ya upande mwingine. Mwezi Aprili 1971 ilitungwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Wengi walionyang'anywa walikuwa Waasia, na Upanga na Uhindini ziliguswa kuliko sehemu nyingine. Maelfu wakaondoka kwenda Uingereza, Kanada na Marekani. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyelelewa Dar es Salaam, amewafanya watu hao kuwa wahusika wa vitabu vyake, na kimoja alikipa jina la barabara ya Uhuru, ambayo zamani iliitwa Kichwele, ipitayo katikati ya Kariakoo. Wapangaji wapya wakaingia katika nyumba za Upanga: watumishi wa serikali, madaktari wa Muhimbili, walimu, maaskari, watu wa kila mkoa. Shule zilizojengwa kwa ajili ya jamaa moja zikawa shule za wote, zikaitwa Tambaza na Zanaki. Mtoto wa Kariakoo aliyevuka barabara ya Morogoro asubuhi kwenda kusoma Upanga alikuwa anafuta kwa miguu yake mstari uliochorwa miaka 80 iliyotangulia.

Sasa tuzitazame siku zetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika mji huo wa mamilioni, kata ya Kariakoo mwaka 2012 ilikuwa na wakazi zaidi kidogo ya 13,000 tu, na kata mbili za Upanga, Mashariki na Magharibi, kwa pamoja hazikufika 30,000. Mgeni akizisoma tarakimu hizo kabla ya kufika, atadhani Kariakoo ni kijiji kilicholala. Na afike siku ya kazi saa nne asubuhi. Atakuta mikokoteni, wachuuzi, na wanunuzi waliotoka mikoani, Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, wamebanana hata mtu hawezi kuinama kuokota shilingi yake. Sensa huhesabu mtu pale alipolala, na Kariakoo watu hawalali tena. Huja asubuhi, huondoka usiku.

Sababu yake ni soko. Jengo la sasa, lenye miamvuli ya zege, lilibuniwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970. Liliungua mwezi Julai 2021. Lakini soko lilikwisha zamani kulitoka jengo lake na kuzila nyumba. Kiwanja kilichokuwa na nyumba ya vyumba 6 kikanunuliwa, nyumba ikabomolewa, ikasimama ghorofa ya fremu za maduka. Baraza iliyokaliwa na wazee wa bao imekuwa ngazi ya stoo. Tarehe 16 Novemba 2024 moja ya ghorofa hizo iliwaangukia watu waliokuwamo, na zaidi ya 20 wakafa. Wakati majina yao yalipokuwa yakitafutwa ilidhihirika kwa mara nyingine ugumu wa kuwahesabu watu wa mahali ambapo mtu yupo lakini hakai. Upanga nayo inabadilika: nyumba za bustani za miaka ya 1950 zinavunjwa moja moja, na majumba marefu yanapanda mahali pake, yakitazama bahari na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Sheria haimkatazi mtu yeyote kukaa huko. Kinachomkataza ni bei, nayo, kama ile amri ya 1891, haimtaji mtu kwa jina.

Mtu aweza kujibu ya kuwa miji yote hubadilika, na ya kuwa ghorofa yenye maduka 40 yalisha watu wengi kuliko nyumba ya makuti. Jibu hilo ni la kweli, wala si haki kumtaka mwenye kiwanja abaki maskini ili mwanachuo apate kitu cha kutazama. Wajukuu wa wenye nyumba wengine wamesomeshwa kwa fedha ya viwanja hivyo. Lakini kubadilika ni jambo moja, na kusahau ni jambo jingine. Wachukuzi wa 1917 walipotea kwa sababu aliyeshika kalamu hakuona haja ya kuwaandika. Wapangaji, makungwi, mafundi cherehani na viongozi wa ngoma waliofanya Kiswahili kiwe lugha ya taifa katika nyua za Kariakoo wanaweza kupotea kwa sababu iyo hiyo. Na safari hii kalamu iko mikononi mwetu wenyewe, wala hatutakuwa na mgeni wa kumlaumu.

Kazi yenyewe si kubwa kupita uwezo wa wanafunzi. Wangalipo wazee wa kike na wa kiume waliozaliwa katika nyumba zile, wanaojua nani alikaa chumba gani, nani alimzika nani, mtaa uliitwaje kabla haujapewa jina jipya. Wapo Upanga waliobaki mwaka 1971, na wapo Toronto na London waliokwenda, ambao wanakumbuka mlango, mti na jirani. Mwanafunzi mmoja akichukua mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba, akauliza kwa adabu na kuandika kwa uangalifu, katika miaka michache patakuwa na hesabu ambayo sensa haikuwahi kuifanya: si ya watu waliolala usiku mmoja wa Agosti, bali ya watu walioishi. Mitaa ya kuanzia yajulikana. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti ingali ipo katika ramani, nayo haijapata mwandishi wake.